"Ni Kweli, Lakini...": Lugha ya Sheria Katika Maisha ya Kila Siku na Wakati wa Kumwona Wakili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi maneno ya kawaida ya Kiswahili yanavyobeba uzito wa kisheria katika maisha ya Mkenya, na yanajaribu kujibu swali linaloulizwa mara kwa mara mitaani na vyuoni: ni mambo gani ya kisheria ambayo mtu aweza kujishughulikia mwenyewe, na ni yapi yanayomlazimu kumwona wakili? Baada ya kufafanua istilahi chache zinazotatanisha, tunaangazia madeni na upangaji wa nyumba, kushtakiwa, ununuzi wa ardhi, ajira na mirathi. Hoja yetu ni kwamba wakili hufaa zaidi kabla ya neno kutamkwa au sahihi kutiwa kuliko baadaye, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ya pekee ya kuliziba pengo lililopo baina ya mwananchi na sheria.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa ulimi hauna mfupa. Tuanze na mfano wa kubuni, ingawa yeyote aliyewahi kuketi katika mahakama ya hakimu asubuhi ya Jumatatu huenda akautambua. Kijana ameshtakiwa kwa kuiba simu ya binamu yake. Karani anamsomea shtaka kwa Kiswahili, kisha anamwuliza kama ni kweli au si kweli. Kijana anajibu kwa sauti ya chini: "Ni kweli."

Moyoni mwake, kijana huyu hajakiri wizi. Binamu huyo alikuwa amemkopa shilingi elfu tatu na kukataa kulipa, naye akaichukua simu akaishika kama rehani. Alichotaka kusema ni, "Ni kweli niliichukua, lakini nilikuwa namdai." Nusu ya kwanza ya sentensi ilitoka, nusu ya pili ilimezwa na hofu.

Kwa mujibu wa Kanuni za Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, kuchukua kitu peke yake si wizi. Sharti mtu awe amekichukua kwa hila na bila dai la haki. Maneno yaliyomezwa ndiyo hasa ambayo mahakama ingehitaji kuyasikia na kuyapima. Pasipo maneno hayo, kijana yumo hatarini kuhukumiwa papo hapo. Aidha, Kanuni za Utaratibu wa Mashtaka ya Jinai zinasema kwamba mtu aliyehukumiwa na mahakama ya chini kwa kukiri kosa mwenyewe hawezi kukata rufaa dhidi ya kupatikana na hatia, ila dhidi ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Njia inayosalia ni nyembamba: kuionyesha mahakama ya juu yake kwamba ukiri wenyewe haukuwa bayana.

Mfano huu ndio uti wa mgongo wa makala haya. Mara nyingi mwananchi haponzwi na ukosefu wa sheria. Huponzwa na neno alilolitamka, au karatasi aliyoitia sahihi, bila kufahamu uzito wake. Makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili. Yanakusudia kumsaidia msomaji kutambua ni lini ushauri huo unahitajika.

2.0 Istilahi Zinazotatanisha

Katika isimu tunafundishwa kwamba neno moja laweza kuwa na maana zaidi ya moja. Darasani, uzito wa jambo hili ni alama za mtihani. Nje ya darasa, ni fedha na uhuru wa mtu.

2.1 Kesi

Mkenya husema, "Nina kesi," akiwa ameshtakiwa na polisi, na husema vivyo hivyo akidaiwa kodi ya nyumba. Sheria hutenganisha mambo haya mawili. Kesi ya jinai huendeshwa na Serikali dhidi ya mshtakiwa, na matokeo yake yaweza kuwa faini au kifungo. Kesi ya madai huletwa na mdai dhidi ya mdaiwa, na lengo lake ni fidia, malipo au amri ya mahakama. Kutotambua tofauti hii huwafanya watu wengi kukimbilia kituo cha polisi ili polisi wawadaie pesa zao. Ikumbukwe kwamba kudaiwa pekee si kosa la jinai. Hali hubadilika pale tu ambapo fedha zilichukuliwa kwa ulaghai tangu mwanzo.

2.2 Mwanasheria na wakili

Maneno haya hutumiwa kama visawe, ilhali si visawe. Mwanasheria ni mtu yeyote aliyesomea sheria. Wakili, nchini Kenya, ni yule ambaye baada ya shahada yake alipitia mafunzo ya uwakili na kipindi cha kazi chini ya wakili mzoefu, akaapishwa na Jaji Mkuu, jina lake likaingizwa katika orodha ya mawakili, na ana cheti cha kufanyia kazi ambacho hutolewa upya kila mwaka. Hivyo, rafiki yako wa Kitivo cha Sheria aweza kukueleza mengi ya manufaa, lakini hana ruhusa ya kukuwakilisha kama wakili, wala kukutoza pesa ili akuandikie hati ya kuhamisha umiliki wa ardhi. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inakataza hayo.

2.3 Dhamana

Neno hili lina maana pana mno. Mshtakiwa huachiliwa kwa dhamana. Mkopo huhitaji mdhamini. Mashindano ya insha huwa na mdhamini. Hata mfadhili wa masomo huitwa mdhamini. Maana hizi mbili za mwisho ni za hisani, na pengine ndizo zinazotufanya tuzichukulie mbili za mwanzo kwa wepesi. Mwenzako anaposema, "Nidhamini tu kwenye chama cha akiba na mikopo," haombi hisani. Anakuomba uahidi kulipa deni lake asipolilipa. Vilevile, anayemdhamini mshtakiwa mahakamani huweka rehani fedha au mali yake, ambayo yaweza kutwaliwa mshtakiwa akitoroka. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka ahadi ya kulipa deni la mwingine iwe ya maandishi na itiwe sahihi na anayeahidi. Sahihi hiyo ndiyo itakayofuatwa, si urafiki uliokuwapo.

2.4 Mkataba

Watu wengi huamini kwamba mkataba si mkataba mpaka upigwe mhuri wa wakili. Imani hii ina makosa pande zote mbili. Kwanza, makubaliano mengi ya mdomo ni mikataba kamili: anayemwambia fundi amshonee suti kwa bei waliyoafikiana tayari amefunga mkataba. Pili, yapo makubaliano ambayo bila maandishi hayatekelezeki mahakamani hata yakishuhudiwa na kijiji kizima. Kubwa miongoni mwa hayo ni mkataba wa kuuziana ardhi, tutakaourejelea hapa chini.

3.0 Mambo Ambayo Mtu Aweza Kujishughulikia

Si kila ugomvi unaohitaji wakili, na wakili mwema atakwambia hivyo mwenyewe. Kifungu cha 159 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinahimiza njia mbadala za kusuluhisha migogoro, zikiwemo upatanisho na njia za kijadi. Mambo mengi madogo huisha kwa barua iliyoandikwa vyema na kwa kumbukumbu zilizohifadhiwa.

Tuchukue suala linalowagusa wanafunzi wengi, yaani chumba cha kupanga nje ya chuo. Mpangaji hulipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na pesa za amana. Anapohama, mwenye nyumba hukataa kuirudisha akidai kwamba rangi ya ukuta imechakaa. Mpangaji afanyeje? Kwanza, anapoingia nyumbani apige picha za kila chumba na kuandika kasoro zilizopo, kisha nakala moja ampe mwenye nyumba. Pili, alipe kwa njia inayoacha alama, au adai risiti. Tatu, anapohama atoe notisi ya maandishi. Nne, akinyimwa pesa zake aandike barua ya kudai inayotaja tarehe ya mkataba, kiasi anachodai, sababu, na siku ambazo anampa mdaiwa alipe.

Barua hiyo isipofua dafu, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi katika eneo la Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Mahakama hii husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, kama vile ya mauzo ya bidhaa na huduma, fedha zilizopokewa na kushikiliwa, uharibifu wa mali na majeraha ya mwili. Sheria inaitaka ikamilishe kesi kwa muda wa siku 60, na mtu aweza kufika mwenyewe akajieleza. Hata hivyo, haisikilizi kesi za kuchafuliana jina, za umiliki wa ardhi, wala za ajira.

Upangaji wenyewe una sheria zake. Kwa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, ipo Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na baraza lake. Kwa maduka, hoteli na vibanda vya chakula ambavyo upangaji wake haukuandikwa, au uliandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, Sura ya 301 inamtaka mwenye jengo atoe notisi isiyopungua miezi miwili kabla ya kuuvunja au kuubadilisha upangaji huo. Mama anayeuza chakula katika kibanda cha kupanga ana kinga ambayo pengine hajawahi kusikia habari zake.

4.0 Wakati wa Kumwona Wakili

Mpaka uko wapi, basi, baina ya jambo la kujishughulikia na jambo la wakili? Tunapendekeza mtu ajiulize maswali manne. Je, ninachoweza kupoteza ni kitu kisichorudi kwa urahisi, kama uhuru, ardhi, mtoto au kazi? Je, kuna muda wa kisheria unaokwisha? Je, natakiwa kutamka neno au kutia sahihi mahali ambapo sielewi matokeo yake? Je, upande wa pili tayari una wakili? Jibu la "ndiyo" kwa swali lolote kati ya haya latosha kumfanya mtu atafute ushauri. Hebu tuyatumie maswali haya katika hali nne.

4.1 Kukamatwa na kushtakiwa

Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, haki yake ya kunyamaza na matokeo ya kutonyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, na halazimishwi kukiri jambo lolote linaloweza kutumiwa dhidi yake. Anapaswa kufikishwa mahakamani haraka iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24. Muda huo ukikwisha nje ya saa za kazi za mahakama au siku ambayo mahakama haiketi, afikishwe kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aidha, ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima.

Haki ya kunyamaza haieleweki vyema katika mila zetu. Kijana aliyelelewa kwa adabu hujifunza kwamba mkubwa akiuliza, mdogo hujibu. Zaidi ya hayo, adabu ya mazungumzo ya Kiswahili hututaka tukubali kwanza ndipo tutoe udhuru: "Ni kweli, lakini..." Mtindo huu ni mwema barazani. Kituoni na kizimbani waweza kumponza mtu, kwa sababu anayeandika huenda akaishia kwenye "ni kweli".

Ni kwa sababu hiyo kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ingali inarejelewa nchini. Katika uamuzi huo, mahakama iliweka utaratibu wa kupokea ukiri. Shtaka na viungo vyote vya kosa sharti vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe. Upande wa mashtaka utaje ukweli wa mambo yalivyotukia. Naye mshtakiwa apewe nafasi ya kuupinga au kuongeza maelezo. Akisema jambo linalotia shaka katika ukiri wake, yapasa iandikwe kwamba amekana shtaka. Kijana wetu wa simu, kwa hivyo, alikuwa na nafasi ya pili: pale maelezo ya kesi yaliposomwa, angeweza kusema, "Nilikuwa namdai." Wakili angemkumbusha. Mtu asiyekuwa na wakili, na asiyekuwa na hakika, ajue kwamba kukana shtaka si kumdanganya hakimu. Ni kumwomba upande wa mashtaka uthibitishe madai yake.

4.2 Ununuzi wa ardhi

Hapa ndipo akiba ya maisha ya familia nyingi hupotelea. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, hakuna kesi inayoweza kufunguliwa kutokana na mkataba wa kuuziana ardhi ikiwa mkataba huo haukuandikwa, haukutiwa sahihi na pande zote, na sahihi hizo hazikushuhudiwa. Pili, ardhi ya kilimo iliyo katika eneo linalodhibitiwa huhitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi lapasa kuwasilishwa katika miezi sita baada ya mkataba. Idhini isipopatikana, mauzo hayo ni batili. Tatu, mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya wanandoa wote wawili, kama inavyosema Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Mume aliyeuza shamba wakati mkewe yuko sokoni hajauza.

Je, mnunuzi akishaiona hatimiliki iliyochapwa na kupigwa muhuri amesalimika? La. Katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha Nyali, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2023 kwamba hatimiliki haina kinga ikiwa ardhi yenyewe ilitolewa kinyume cha sheria hapo mwanzoni, hata kama mnunuzi wa baadaye alilipa bei kamili. Funzo ni kwamba haitoshi kutazama karatasi. Sharti mnunuzi afanye upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi, afuatilie chimbuko la umiliki huo, alinganishe ramani na ardhi yenyewe kwa msaada wa mpimaji, na azungumze na majirani. Kazi ya kuunganisha haya yote ni ya wakili. Tena, awe wakili wa mnunuzi, si yule yule anayemtetea muuzaji.

4.3 Ajira

Mhitimu anayepata kazi ya kwanza hutia sahihi mkataba kwa furaha bila kuusoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe. Inasema pia kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, aelezwe yaliyomo kwa lugha anayoielewa. Vivyo hivyo, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya utovu wa nidhamu, utendakazi duni au kutomudu kazi, mwajiri hulazimika kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, akiwepo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, na kusikiliza majibu yao.

Malalamiko ya mshahara uliocheleweshwa yaweza kupelekwa kwa afisa wa kazi bila wakili. Lakini mtu aliyefutwa asikae akisubiri mwajiri alainike moyo. Sheria hiyo inaweka kikomo cha miaka mitatu kufungua kesi. Huu ni mfano mmoja tu wa muda unaokwisha kimyakimya. Chini ya Sheria ya Vikomo vya Muda, Sura ya 22, dai la mkataba kwa kawaida lina miaka 6. Dai la madhara kama ajali ya barabarani, miaka 3. Dai la kuchafuliwa jina, miezi 12. Na dai la kurudishiwa ardhi, miaka 12. Haraka haraka haina baraka, ndiyo, lakini mbele ya vikomo hivi ngoja ngoja huumiza matumbo.

4.4 Wosia na mirathi

Kuzungumzia wosia huonekana kama kukiita kifo. Matokeo yake ni kwamba mauti yanapofika familia huachiwa kilio cha pili. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inautambua wosia wa mdomo uliotolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini kwa kawaida hupoteza nguvu ikiwa aliyeutoa hakufariki katika miezi mitatu. Wosia wa maandishi hutiwa sahihi au alama na mwenyewe, na kushuhudiwa na watu wawili au zaidi. Mrithi asiwe shahidi: alichoachiwa chaweza kubatilika, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili huru.

Marehemu anapozikwa, wengi hudhani kwamba mtoto wa kwanza sasa ndiye mwenye mali. Sivyo. Kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata kutoa fedha kutoka kwa simu ya marehemu, kwa kuwa tu unaijua nambari yake ya siri, kwaweza kukutia matatani. Njia halali ni kuiomba mahakama iwateue wasimamizi wa mirathi. Waislamu wanaokubali wana Mahakama za Kadhi, ambazo Kifungu cha 170 cha Katiba kinazipa mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Pale familia inapoafikiana na mali ni kidogo, masjala ya mahakama yaweza kuwaongoza. Pale penye wake wawili, watoto wa nje, ardhi isiyogawanywa au ndugu aliyekwisha kuhamia kwenye shamba, mtafuteni wakili kabla ya kikao cha kwanza.

5.0 Namna ya Kumwendea Wakili

Woga wa gharama huwafanya wengi wasubiri mpaka maji yazidi unga. Yafuatayo yanaweza kupunguza gharama na majuto.

Kwanza, hakikisha kwamba ni wakili kweli. Chama cha Mawakili nchini humwezesha mtu kuthibitisha kama wakili ana cheti cha mwaka huo. Pili, andika kisa chako kwa mpangilio wa tarehe katika ukurasa mmoja, uambatishe nakala za hati. Mwanafunzi aliyefundishwa kuandika muhtasari ana faida hapa. Tatu, mweleze yote, hata yanayokuaibisha, kwani mazungumzo yenu yana kinga ya usiri. Nne, uliza ada mapema na muandikiane. Ada za chini zimewekwa na kanuni, na sheria haikubali mapatano kwamba wakili atalipwa pale tu atakaposhinda kesi. Tano, dai risiti ya kila malipo na ya kila hati asili unayomwachia. Wakili akikudhulumu, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Asiye na uwezo naye hakusahauliwa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinamtaka mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya Serikali pale ambapo kukosa wakili kungeleta dhuluma kubwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na kuwatambua wasaidizi wa kisheria. Yapo pia mashirika yasiyo ya kiserikali kama Kituo Cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, na FIDA Kenya, ambayo huwashughulikia hasa wanawake.

6.0 Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Hata hivyo, Kanuni za Utaratibu wa Mashtaka ya Jinai zinasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Mshtakiwa asiyeielewa lugha inayotumika ana haki ya mkalimani bila malipo. Hivyo, mara nyingi kati ya kinywa cha mwananchi na kalamu ya hakimu husimama mtu wa tatu, naye ndiye anayeamua kama "Ni kweli, lakini..." itafika na "lakini" yake.

Wengi wetu tutakuwa walimu, watangazaji, wafasiri na wakalimani. Ukalimani wa mahakamani sio kuteua kisawe tu. Ni kutambua kwamba "nilimgusa", "nilimsukuma" na "nilimpiga" si kitu kimoja, na kwamba kimya cha mzee si lazima kiwe ukubali. Vilevile, sheria nyingi za Bunge zimeandikwa kwa Kiingereza. Kazi ya kuzieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka ingali inasubiri wataalamu. Tunapendekeza kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na vitivo vya sheria kuandaa vijitabu vifupi juu ya upangaji, ajira, ardhi na mirathi. Hata kabla ya hapo, kila mmoja wetu aweza kufanya jambo moja likizo hii: kumketisha mzazi au jirani aliyepewa karatasi ya kutia sahihi, amsomee polepole, neno kwa neno, na panapomshinda kusema bila haya, "Hapa, tumwone wakili."

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sheria huishi katika maneno ya kila siku: kesi, dhamana, mkataba, na jibu fupi la "ni kweli". Tumeona kwamba mambo madogo ya fedha na upangaji mtu aweza kujishughulikia akiwa na kumbukumbu na barua nzuri, ilhali panapohusika uhuru, ardhi, kazi, urithi au muda unaokwisha, ushauri wa wakili ni wa lazima. Sheria hubadilishwa mara kwa mara, na msomaji athibitishe hali ilivyo kabla ya kuchukua hatua. Kinga ni bora kuliko tiba. Neno likishatamkwa na kuandikwa, hata wakili hodari hulikuta tayari limekauka.

Maswali ya Kujadili

1. Eleza tofauti ya kimaana na ya kisheria baina ya "mshtakiwa" na "mdaiwa", kisha utunge sentensi inayotumia kila neno.
2. Mshtakiwa anajibu: "Ni kweli nilimpiga, lakini alinianza yeye." Je, huu ni ukiri bayana? Jadili kwa kurejelea utaratibu wa kesi ya Adan.
3. Andika barua ya kudai amana ya nyumba isiyozidi maneno 150.
4. Toa mifano mitatu ya maneno ya lugha yako ya kwanza ambayo yangemtatiza mkalimani wa mahakama anapoyafasiri kwa Kiswahili.